Jinsi nilivyorudisha rangi kwenye vidani vyangu vya kioo

Kwa wiki tatu nilikuwa nafungua tanuri na kukuta majivu. Kioo cha daikroiki, kile kinachobadili rangi ukikigeuza, kiliingia kikimeremeta kama shingo ya ndege chozi, kikatoka kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Na kipande cha ukubwa wa viganja viwili hapa ni dola 30 hivi, wakati mwingine zaidi.

Naishi Portland, Oregon, mji ambao kiwanda cha Bullseye kimekuwa kikitengeneza vioo vya rangi tangu 1974, kwa hiyo washauri hawakosekani. Wa kwanza akaniambia kioo hakijaiva, niongeze moto. Nikapandisha hadi nyuzi 840 za Selsiasi na kukiacha humo nusu saa. Vidani vinne vikatoka vimepasukapasuka juu kama tope la dimbwi lililokauka. Wa pili akasema nisihangaike, rangi hiyo haistahimili moto. Huyu ndiye aliyenikera hasa, kwa sababu si kweli. Ile si rangi ya kupaka. Ni utando mwembamba mno wa oksidi, za titani na silikoni kwa mfano, unaotandazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya chemba iliyonyonywa hewa. Tabaka hizo hurudisha mwanga wa aina moja na kupitisha wa aina nyingine, ndiyo maana kipande kimoja ni dhahabu mezani na buluu ukikiinua dirishani. Utando ukiwa salama, rangi ipo.

Basi nikavipanga vilivyoharibika vyote mezani, nikavigeuza. Vingi vilikuwa na unga mweupe mgongoni: ile dawa ya kaolini, udongo mweupe, ninayopaka rafu ya tanuri. Utando ulikuwa umelalia rafu, ukanata huko. Lakini ningejuaje? Kioo kikiwa angavu, pande zote mbili zinang'aa sawa, na kucha haihisi tofauti yoyote.

Jibu lilikuja nikiwa naandika namba za vipande. Ncha ya penseli iligusa kioo, nikaona taswira yake ndani imekutana nayo, ncha kwa ncha. Nikagusa kipande cha pili: ncha na taswira zimeachana, katikati kuna pengo dogo. Nikakigeuza kile cha pili, pengo likatoweka! Pengo lile ni unene wa kioo chenyewe. Zikigusana, utando uko juu. Zikiachana, uko chini. Usiku ule nilipima kila kipande nilichokuwa nacho, hata vichengechenge vya kwenye kopo, nikiinama taani hadi shingo ikauma.

Tangu hapo utando naulaza juu ya kioo cheusi, au nauelekeza juu na kuufunika kwa kioo angavu. Tando mbili zisitazamane, hazishikani. Kidani changu kimoja kiliachana mkononi kama biskuti. Cheusi nasema kwa makusudi: juu ya kioo cheupe rangi hufifia hata kama hujaunguza chochote.

Bado vichache vilikuwa vinapauka. Nikakata vipande 9 vidogo, nikavitawanya rafu nzima, nikachoma mara moja. Vya katikati vizuri, vya nyuma karibu na nyaya za moto vimefubaa. Kipima joto kilikuwa kinasoma 802 pale kilipo, lakini kule nyuma moto ulikuwa mkali zaidi. Sasa naacha vidole vitatu kutoka ukutani, nashusha hadi 790, dakika 10, basi. Rangi hubadilika kidogo hata hivyo, kwa hiyo kila shiti mpya ya kioo naichomea kwanza kipande cha majaribio, naandika namba mgongoni.

Jana nimetoa vidani 12, vyote vinawaka. Kimoja ni kijani, ukikigeuza kinakuwa zambarau. Hicho hakiuzwi, ni cha dada yangu Tanga.