Neno linaloponyoka kabla ya Jumatano

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii: Kumbukumbu la Torati 6:5-7.

Muulize mshirika siku ya Jumatano mhubiri alisema nini Jumapili. Atakumbuka kichekesho, pengine na wimbo wa kwaya. Andiko lenyewe limeshamponyoka. Huwa tunakaripiana kwa hili, kana kwamba kusahau ni dalili ya moyo mgumu. Nadhani tunaoneana.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana (kazi ya kuchosha kweli!), kisha akajipima. Saa moja tu ikipita, zaidi ya nusu ya jasho lake lilikuwa limepotea. Kesho yake ilibaki kama theluthi. Ndivyo akili zetu zilivyo, za wacha Mungu na za wasiomcha. Ila aliona jambo jingine: alipoyagawa marudio katika siku tatu, mara 38 zilimfikisha pale ambapo kwa kurundika siku moja alihitaji mara 68.

Sasa msikilize Musa: “na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Neno lile lile, likirudi nyakati mbalimbali. Tena anasema kuyanena. Kulitoa neno kichwani na kulitamka hulikaza kuliko kulipitia tena kwa macho, na mtu akilala, ubongo huendelea kuyaimarisha aliyojifunza mchana. Simgeuzi Musa kuwa mwanasaikolojia. Kabla ya hayo yote alikwisha kuagiza tumpende Bwana kwa moyo wote, na bila hilo kasuku naye angekuwa mcha Mungu.

Maana nayo ina nguvu yake. Mashairi yalimgharimu Ebbinghaus kama sehemu moja ya kumi tu ya juhudi ya zile silabi. Mariamu “akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake” (Luka 2:19). Hakuyaweka tu, aliyafikiri.

Basi wiki hii tushike mstari mmoja, ule wa 5. Leo jioni mwambie mtu wa nyumbani kwako bila kufungua Biblia. Kesho useme ukiwa njiani, Alhamisi tena. Ukikwama, fungua usome, halafu ufunike ujaribu upya. Na watoto wakikuuliza kumpenda Mungu “kwa nguvu zako zote” ni kufanyaje, usiwaahirishe hadi Jumapili.