Kabla hujalipia msasa wa diski, geuza karatasi usome mgongo

Wakuu, ukiingia duka la vifaa ukasema unataka msasa, swali utakaloulizwa ni namba ngapi (namba ikipanda, punje ni ndogo zaidi), unataja namba, unalipa, unaondoka. Kwa kazi ya mkono wala haina shida. Ila kama unatengeneza visu na una grainda ya diski, yaani ile mota yenye sahani ya chuma au aluminiamu iliyochongwa ikanyooka, unabandika karatasi juu yake halafu unasogezea kazi, hapo namba inakuja ya pili. Ya kwanza ni mgongo wa ile karatasi, na watu wengi hawaugeuzi hata kuuangalia.

Sababu ni kwamba diski ina kazi moja tu ya maana, kunyoosha. Kutoa chuma kingi mashine ya mkanda inaishinda mbali. Diski tunaiweka kwa ajili ya vipande vya mpini vikae kwenye mkia wa kisu bila kuacha mwanya, au zile bati za ndani za kisu cha kukunja zilale bapa kabisa. Sasa chochote kinachobonyea kati ya sahani na punje za msasa kinakuharibia hiyo kazi. Ndio maana zile diski za velkro, ambazo karatasi inashikwa na vinyweleo badala ya gundi, mi sizitaki kwa kunyoosha, hata kama kubadilisha karatasi ni sekunde mbili. Velkro inabonyea, ukingo wa kazi unazama kidogo, unaliwa, unatoka umeviringika. Ukiangalia kwa macho unaona safi, ukishabandika mpini kuna kamstari ka gundi kanazunguka pembeni na hakatoki tena.

Haya, geuza karatasi. Zile zenye heshima utakuta jina la kiwanda, namba, na mara nyingi herufi ya uzito wa karatasi. A ndio nyepesi, kama gramu 70 kwa mita ya mraba, C ni 120 hivi, D 150, E inafika 220. Ukiona J au X ujue hicho ni kitambaa, J laini X kigumu. Mi kwa namba za chini, 60 mpaka 120, nachukua E au kitambaa cha X kwa sababu punje kubwa zinavuta sana na karatasi nyepesi itachanika kona ya chuma ikiigusa tu. Kuanzia 220 nashuka kwenye C, na 400 kwenda juu nyingi zinakuja A zenyewe, na hapo ndipo diski inatoa bapa zuri kuliko zote kwa sababu karatasi ni nyembamba, haina pa kubonyea. Ubaya wake karatasi ya A inaonyesha kila uchafu wa chini, ukiacha kapunje ka gundi ya zamani kwenye sahani kanatoka kama kichunusi na kila mzunguko kanakuchorea mstari.

Kama hawajaandika herufi, ishike kona uikunje kidogo tu, utasikia mwenyewe ugumu wake. Ila usikubali karatasi iliyokunjwa. Maduka mengi yanakunja mara nne ili iingie kwenye mfuko au yanaviringisha na kuifunga na mpira, na mkunjo ule kwa kusugua ukuta hauna neno, lakini kwenye diski gamu inayoshika punje imeshapasuka pale, karatasi imeinuka, ukiwasha unasikia tap tap tap na kazi inaruka mkononi. Omba za kwenye boksi, zilizolala. Na ukifika nyumbani zilaze chini ya kioo au ubao, hasa walioko Dar, Tanga, Mombasa huko, unyevu wa pwani unaikunja karatasi yenyewe ndani ya usiku mmoja.

Kuhusu P mbele ya namba, hiyo sio pambo. P ni kipimo cha Ulaya, isiyo na P mara nyingi ni cha Marekani, na mpaka kwenye 220 vinakwenda pamoja tu, baada ya hapo vinaachana vibaya. P400 ni sawa na 320 ya Marekani, P1200 ni kama 600, P2000 ni kama 1000. Kwa hiyo mtu anayefuata video za mafundi wa Marekani, wakasema nenda 400 halafu 600, akachukua P400 na P600 za dukani, kashasimama mapema kabla yao halafu anashangaa mikwaruzo haiishi.

Rangi nayo inasema kitu, japo sio sheria. Nyeusi ya kulowesha, wanayotumia wapiga rangi za magari, ni silikoni kabaidi. Punje zake kali sana, ila kwenye chuma zinachoka haraka, tamu kwa mpini, pembe, mfupa, na kwa kumalizia chuma kwa mkono mwepesi. Kahawia ni oksidi ya aluminiamu, hiyo ndio farasi wa kazi wa chuma kwangu. Halafu kuna seramiki, bei imechangamka, na watu wananiuliza kama inalipa. Kwenye mkanda inalipa sana. Kwenye diski, na mota ndogo, mi naona hapana, kwa sababu punje ya seramiki inataka ukandamizwaji ili ivunjike itoe makali mapya, na kwenye diski hatukandamizi, tunagusisha. Matokeo yake inakuwa inang'aa tu, haikati, inachoma.

Mpingo sasa. Mpingo una mafuta, unaziba karatasi mpaka inakuwa lami nyeusi. Tafuta msasa ambao punje zimeachana, ukiuangalia kwenye mwanga unaona nafasi katikati yake. Ule wa unga mweupe wa kuzuia kuziba unasaidia kweli, ila ule unga unaweza kubaki juu ya mti, kwa hiyo upande unaoenda kubandikwa malizia na karatasi isiyo na unga au pangusa vizuri na asetoni kabla ya epoksi. Na vaa maski ya maana, vumbi la mpingo linawasumbua watu ngozi na kifua. Halafu usisage mti na chuma mfululizo bila kufagia, cheche ndani ya rundo la vumbi la mti hazihitaji maelezo.

Kubandika: natumia gundi ya kupuliza, ukungu mwembamba mgongoni mwa karatasi, nasubiri mpaka kidole kikigusa kinanata ila gundi haivutiki, naweka, kisha naviringisha chupa kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Gundi ya viatu ya kupaka na brashi inashika kuliko hata hiyo, lakini inaacha mistari ya brashi, na mistari hiyo utaikuta kwenye kazi. Kuondoa, thina na kisu butu, na usiwashe mashine mpaka sahani imekauka kabisa na kopo liko mbali.

Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota ya poli nne (ncha nne za sumaku ndani yake) inazunguka mara 1,400 na kitu kwa dakika. Kwenye sahani ya inchi 9 ukingo unakwenda karibu mita 17 kwa sekunde, lakini sentimita 3 toka katikati hata mita 5 haifiki. Maana yake una spidi zote kwenye karatasi moja. Chuma nagusisha nje, kitu laini nasogea ndani. Siku zote tumia upande ambao sahani inazunguka kwenda chini, na bila glovu. Pete ya nje ndiyo inayokufa kwanza, utaiona inang'aa na kazi inaanza kupata moto vidoleni, hapo toa karatasi usibembeleze, msasa butu ndio unaochoma kisu. Kisu cha springi ya gari ulichokirudisha (ulichokipasha tena baada ya kukikaza) kwa nyuzi 200 kikigeuka bluu pale ukingoni ugumu umeshapotea, msasa mpya hauurudishi.

Mwisho, kwa nini inchi 9 na sio 12 kama ya maseremala? Karatasi ya kawaida ni milimita 230 kwa 280. Inchi 9 inaingia pale pale, unabandika na kukata pembeni na wembe. Kwa 12 itabidi utafute za mviringo, na hizo kwa P800 kwenda juu utazitafuta sana. Kwenye kila karatasi unabaki na utepe wa sentimita 5, huo nauzungushia ubao kwa ajili ya kumalizia ubapa kwa mkono.