Kutoka ukumbini hadi machimboni Tabaka

Sanamu yenyewe niliionea Nairobi, kwenye maonyesho ya sanaa ya kisasa: ndege mwenye shingo ndefu, amewekwa juu ya meza nyeupe, taa zimemmulika. Kibao kilikuwa na maneno matatu tu: "Jiwe la Kisii." Niliponyoosha kidole, kijana wa zamu akanizuia kwa upole. Nilirudi nyumbani Kisumu na hamu ile ile kidoleni, na Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu ya Kisii.

Ahero, Sondu, Oyugis. Mashamba ya mpunga yakabaki nyuma, barabara ikaanza kupanda kuelekea kwenye migomba na majani chai. Kisii mjini nilibadilisha gari, tukapita Suneka, na kipande cha mwisho nikakimaliza kwa boda boda. Tabaka, kunakochimbwa jiwe hilo, utaijua kwa vumbi lake. Limetanda juu ya majani ya migomba, limekaa kwenye viatu, hata kwenye kope za watoto.

Machimbo ni mashimo makubwa ya wazi. Wanaume walikuwa ndani na sururu na koleo, kuta za jiwe zimewazunguka, nyeupe hapa, waridi pale, kwingine manjano au kijivu. Jiwe likitoka ardhini huwa na unyevu, na panga hulikata kama muhogo. Ndiyo maana wachongaji hawapendi kulingoja likauke. Kijana aliyenitembeza alimtaja Elkana Ong'esa kabla sijauliza. Ni mchongaji wa huku huku, na ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Kijana alilitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayemtaja mzee wa ukoo wake.

Lakini saa nyingi za siku ile nilizipitisha kando ya beseni.

Alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye kigoda, leso imefungwa kiunoni. Nikamsalimia, "Bwakire, mama," akacheka na kunisogezea kiti. Mbele yake kulikuwa na rundo la viboko wadogo waliochongwa tu, bado wana alama za kisu. Anachovya mmoja majini, anasugua kwa msasa mkali, anachovya tena, anabadilisha msasa, kisha mwingine ulio laini kabisa. Maji ya beseni yamekuwa kama uji. Jiwe kavu halionyeshi chochote, limepauka tu, lakini kila alipolitoa majini mistari ya waridi ilijitokeza mgongoni. Baadaye hupakwa nta ili rangi ile isipotee.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kibao cha Nairobi, na nikaudhika. Jiwe moja hupita kwa mchimbaji, mchongaji na mpiga msasa, na ukumbini hakuna jina hata la mmoja wao. Ningekuwa naandaa maonyesho yale ningeandika majina yote, na siku moja ya wiki ningeweka beseni katikati ya ukumbi, wageni wakunje mikono.

Nilimwonyesha mama picha ya yule ndege kwenye simu. Alifuta vidole kwa leso, akaishika, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu hawakummaliza, mwanangu. Ona hapa shingoni."

Nikaivuta picha ikawa kubwa. Kweli, chini ya kidevu kulikuwa na mikwaruzo myembamba, imelala upande mmoja. Mimi nilisimama hatua moja kutoka kwa ndege huyo na sikuiona.

"Shingo ni ngumu," akasema. "Msasa hauingii vizuri, lazima uukunje." Akanipa kiboko mmoja na kipande cha msasa. Nilisugua hadi ngozi ya vidole ikajikunja kwa maji. Nilipomrudishia, alipitisha kidole gumba nyuma ya masikio ya kiboko, mara moja tu, akanirudishia.

"Bado."