Buni hukaangwa kwa masikio

Ushauri ulionipotezea buni nyingi za kahawa kuliko wote ni huu: "Kaanga mpaka ziwe nyeusi." Nyeusi ipi? Chini ya taa ya jikoni buni za kahawia zinaonekana nyeusi, na ukizitoa uani juani ni zile zile za rangi ya mdalasini. Ndani ya kikaango chenye masizi ndiyo kabisa, huoni kitu. Mimi siku hizi nategemea sikio na mizani, rangi naitazama mwisho.

Mkaango mmoja ni gramu 250, ndani ya kikaango cha chuma kizito chenye upana wa kama sentimita 28, juu ya seredani, yaani jiko la makaa. Ukizidisha, buni zinapandana: za chini zinaungua, za juu zinapata mvuke tu. Sufuria nyembamba ya alumini usiiguse kwa kazi hii. Inatia madoa meusi kwenye ncha za buni hali ya kuwa ndani mbichi, na ukisaga unapata unga wa rangi mbili wenye uchungu wa moshi na ladha ya majani kwa pamoja.

Buni tunazozipata huku karibu zote zinatoka bara. Za Moshi na Mbinga ni arabika, ndefu, mfereji wake umepinda. Za Bukoba nyingi ni robusta, fupi na za mviringo, na kwa kuwa hukaushwa na ganda lake huja na vipande vya maganda na vijiwe. Kijiwe kimoja kinatosha kuvunja jino la kinu cha mkono, kwa hiyo zimwage kwenye ungo uchague. Toa na zenye tundu. Ukitaka kuchanganya aina mbili, kaanga kila moja mbali, kwani haziivi kwa wakati mmoja. Bei haikai pahala pamoja, ila mbichi daima imenitoka nafuu sana kuliko iliyokaangwa.

Kuna waliosema nizioshe kwanza. Ya nini? Buni kavu ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na hewa yetu ya pwani inaongeza wake. Vumbi linaondoka na makapi, ile ngozi nyembamba ya buni inayobambuka motoni. Jambo la kuogopa khasa kwa walioko Pemba ni karafuu: msimu wa kuanika, buni mbichi zihamie chumba kingine na ndani ya chombo chenye kifuniko, la sivyo zinanyonya harufu na haitoki tena.

Makaa yashike yote, yafunikwe na jivu jembamba, ndipo uweke kikaango. Koroga kwa mwiko bapa, ukipindua kutoka chini, bila kusimama. Dakika tano sita za mwanzo ni kazi tupu: kijani inageuka manjano, harufu ni ya nyasi mbichi. Ikipita dakika ya nane na bado ni manjano, chochea moto. Buni zikikaa dakika 25 juu ya moto mnyonge zinatoka na rangi ya kupendeza, na kikombeni hakuna kitu.

Baadaye harufu inakuwa ya mkate tanurini na makapi yanaanza kuruka. Angalia yasiangukie makaa, yanawaka mara moja. Baina ya dakika ya 9 na ya 11 unakuja mlio wa kwanza, ta! ta!, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa: mvuke uliobanwa ndani unaipasua buni, nayo inafura. Zinaanza moja moja, kisha mfululizo, kisha kimya. Ukiepua hapo unapata kahawa yenye uchachu kidogo, nzuri kwa anayeipenda, lakini si kahawa chungu ya barazani. Natoa makaa mawili matatu kwa koleo, maana tokea hapo mambo yanakwenda mbio. Dakika mbili tatu baadaye unasikia mlio wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, kama chumvi iliyorushwa motoni. Nikishahesabu kama kumi hivi, naepua. Anayengoja mpaka zing'ae mafuta kachelewa, kwani joto lake zenyewe linaendelea kuziivisha nje ya moto.

Sasa mchanga. Nimeambiwa, tena kwa kuapiwa, kwamba buni hukaangwa kwa mchanga wa moto kama njugu, ziive sawasawa. Kuiva zinaiva. Ila mchanga unazima mlio, husikii wa kwanza wala wa pili, na ndani yake huoni rangi, kwa hiyo umekuwa kiziwi na kipofu kwa mpigo. Ukichekecha, chembe zinabaki ndani ya ule mfereji wa buni. Njugu haina mfereji, ndiyo maana kwake inafaa. Unapeta, unafuta kwa kitambaa, unagonga ungo, unajiona umemaliza. Kinu kinasema kweli: krr, krr. Na kikombe cha mwisho kutoka kwenye dele, birika la kahawa, kinasaga meno.

Kupoza ndiko kulikonipa fahari. Feni ya mezani nailaza uani, uso juu, imeinama kidogo makapi yasiingie kwenye mota. Juu yake nashika chujio kubwa la bati (la plastiki linayeyuka), namwaga buni na kukoroga. Dakika mbili tatu zinashikika kwa mkono, na makapi yote yameruka. Yanaruka upande wa upepo, kwa hiyo kwanza tazama kamba ya nguo za jirani iko wapi. Umeme ukikatika, ungo na upepo wa kaskazi vinatosha.

Halafu pima. Gramu 250 zikibaki 205 hadi 212, umefika. Zikibaki 220, hukungoja mlio wa pili. Chini ya 200, umekaanga makaa.

Usizifungie chupani papo hapo, zinatoa hewa na kifuniko kinasukumwa. Nazilaza usiku mmoja kwenye mkebe uliofunikwa bila kukazwa, asubuhi nakaza. Kuziacha wazi siku nzima wakati wa masika ni kuzilainisha, na friji si dawa, kila ukitoa zinashika umande. Saga za siku mbili tu. Tangawizi na iliki natwanga mbali na kutia kwenye dele maji yakichemka. Kwenye kinu cha kahawa haviingii, kwani harufu ya iliki ikishaingia humo, kila utakachosaga kwa wiki mbili kitakuwa kahawa ya iliki.