Ushauri Usiokimbilia Nasaha

Jina lenyewe la kazi hii linatupotosha. Ushauri nasaha: maneno mawili, na yote mawili yanamwahidi mtu kwamba ataambiwa la kufanya. Ndiyo maana anayeingia chumbani mara ya kwanza, awe ametoka Kisauni au amevuka feri kutoka Likoni, huketi akanyamaza, akingoja kuelekezwa. Na mshauri aliyelelewa hapa Mombasa, ambapo mkubwa ndiye mwenye kuonyesha njia, hujikuta keshafungua kinywa: jikaze, samehe, swali sana, hama ile nyumba. Kwa mtu mwenye kiwewe, yaani jeraha la moyo lililoachwa na mkasa mzito, maneno haya yanaumiza kuliko tunavyodhani. Lililompata lilifanyika juu yake bila yeye kuulizwa. Tukianza kumpangia maisha, hata kwa nia njema kabisa, tumemrudisha palepale.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1957 alitaja masharti 6 yanayomwezesha mtu kubadilika akiwa na mshauri. Matatu hukaririwa na kila mwanafunzi: mshauri awe mkweli bila kuigiza, amthamini mteja bila kumwekea masharti, na ayaone mambo kwa jicho la mteja mwenyewe. La sita husahaulika, nalo ndilo linalotuangusha mara nyingi: mteja aone, japo kidogo, kwamba anathaminiwa na anaeleweka. Huruma iliyobaki kifuani mwa mshauri bado haijamfikia mtu.

Huruma hiyo hufika kwa maneno, na hapa Kiswahili kinatudai uangalifu. Chukua mfano wa kubuni. Mama anasema, "Siku hizi nikisikia pikipiki ikisimama nje, nakimbilia chumbani." Jibu la haraka ni "Usiogope, ni bodaboda tu." Linamfunga mdomo, kwa sababu yeye anajua vizuri kwamba ni bodaboda. Jibu linalomfikia ni hili: "Mlio ule ukiusikia, mwili unataka kujificha kabla hata hujajua ni nani." Kisha nyamaza. Sekunde 10 za kimya ni ndefu kwa mshauri, ila mteja anazihitaji kuamua kama ataongeza neno. Likija, ni lake.

Epuka "kwa nini". "Kwa nini ulipita njia ile?" ni swali la mshtakiwa. "Nakuelewa kabisa" nayo si kweli, na mtu mwenye kiwewe hunusa uongo upesi. "Mungu ana makusudi yake" anaweza kuisema mteja mwenyewe akipenda. Ikitoka kwa mshauri, humwonyesha kwamba uchungu wake haukaribishwi. Kuna neno jingine la kuchunga sana: kunajisiwa. Magazeti hulitumia kila siku kwa watoto waliotendewa ukatili wa kingono, lakini ndani yake mna najisi, kana kwamba uchafu umeingia kwa aliyeumizwa. Mteja akisema "aliniingilia" au "alinifanyia ule unyama", tumia neno lake. Usimletee wewe neno la kunajisiwa.

Chumba nacho kina lugha yake. Viti viwekwe mshazari, visitazamane uso kwa uso, na mteja awe karibu na mlango bila mtu wala meza kumzibia njia. Uliza kabla ya kufunga mlango. Katika nyumba za Mji wa Kale na Majengo sauti hupenya ukutani, basi kelele ya feni ni msaada. Dakika 10 za kwanza ni za mipaka: tutakaa dakika 50, unaweza kusimama wakati wowote, si lazima unisimulie kilichotokea. Usiri nao ueleze ulivyo, pamoja na pale unapokomea: hatari kwa maisha yake au ya mwingine, mtoto anayeumizwa, amri ya mahakama. Watu wetu wanajua thamani ya sitara. Wakigundua baadaye kwamba usiri ulikuwa na mipaka ambayo hawakuambiwa, hawarudi tena, na wana haki.

Akija binti ameletwa na mamake au shangazi, salimu wote kwa heshima, msikilize mkubwa mbele ya binti, kisha omba muda wa kuwa na binti peke yake. Mkubwa akijibu kila swali lililoulizwa binti, tayari umejifunza jambo.

Sasa, kutokimbilia nasaha si kuficha habari. Hapa naona washauri wachanga wakikosea upande wa pili: wanasikiliza kwa upole huku saa inakwenda. Aliyebakwa anahitaji kujua leo kwamba dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na kwamba kuzuia mimba kunawezekana hadi saa 120. Ajue kwamba nguo alizovaa zisifuliwe, na zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na kuharibu ushahidi. Ajue kwamba hospitali haipaswi kungoja ripoti ya polisi ndipo imtibu. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na simu ya bure ya 1195 hupigwa kutoka popote Kenya. Ya watoto ni 116. Mpe habari hizi kwa sauti tulivu, moja baada ya nyingine, halafu uliza: "Katika haya, lipi ungependa tuanze nalo?" Kwa mtu mzima, uamuzi unabaki mkononi mwake. Kwa mtoto, sheria inakudai uchukue hatua, na umwambie hivyo waziwazi.

Lisilofaa ni kumkalisha mtu siku ya pili baada ya mkasa na kumtaka asimulie yote mwanzo hadi mwisho ili "atoe sumu". Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo, na baadhi ya watu huzidiwa zaidi. Hofu, ndoto mbaya na kukosa usingizi katika wiki za mwanzo hupungua kwa wengi bila tiba maalumu, wakiwa na usalama, chakula na watu wao karibu.

Wapo wanaoganda katikati ya maneno. Macho yanakaza mahali pamoja, sauti inakuwa nyembamba, mikono inapoa, ukimwita hajibu. Simamisha habari hapo hapo. Usimguse. Taja jina lake, siku na mahali: "Uko hapa Mombasa, leo Jumanne, hiyo ni feni." Akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili. Kisha ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyoweza kugusa, sauti 3, harufu 2, ladha 1. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6 husaidia wengi, lakini aliyewahi kukabwa huweza kuingiwa na hofu akielekezwa kwenye pumzi. Huyo mpe glasi ya maji baridi aishike. Kufumba macho kusiwe amri.

Usikilizaji huu una kikomo. Baada ya mwezi mmoja, ikiwa picha za tukio bado zinamvamia, anakwepa njia na watu, na kazi imemshinda, anahitaji tiba inayolenga kiwewe chenyewe kwa mtaalamu aliyefundishwa, mara nyingi vikao 8 hadi 12. Mweleze hivyo, na endelea naye hadi afike huko. Kumng'ang'ania kwa sababu amekuzoea ni kujipenda.

Akisema ni jini, usibishane. Uliza huja saa ngapi, huanza na nini mwilini, nini humtuliza. Kusomewa Kurani au kunywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, huweza kwenda sambamba na ushauri. Pa kusimama imara ni pale anapopigwa, anapofungwa au kuachishwa dawa. Mwezi wa Ramadhani, panga vikao asubuhi. Baada ya alasiri, mwenye saumu hana nguvu za kubeba habari nzito kisha apande matatu hadi Bombolulu.

Kwa hali yoyote, dakika 10 za mwisho zisiwe za habari ya tukio. Ulizia safari ya kurudi, nani yuko nyumbani, atakula nini. Mkubaliane pia kuhusu simu, maana nyingine hushikwa na mume au kaka. Asipokuja siku ya miadi, tuma ujumbe mmoja tu kwa maneno mliyoyachagua pamoja tangu siku ya kwanza, kama "Habari za siku nyingi, nakusalimu tu", usiotaja kituo wala ushauri. Asipojibu, usimfuate nyumbani. Akirudi baada ya miezi mitatu, mkaribishe bila kumuuliza alikuwa wapi.