Mashine ya kusikia haiishii siku ya kukabidhiwa

Jamani habari zenu, leo nataka niongelee ile michango ya kliniki yetu ya masikio hapa Moshi, maana kila tukimaliza mkusanyiko wa Jumamosi kuna watu wananifata inboksi na swali lile lile, kwamba dada hizo hela mnazochangisha ni za nini wakati mashine zenyewe watu walishapewa bure na wafadhili? Ni swali la haki kabisa, mtu akitoa elfu kumi yake lazima ajue imeenda wapi, kwahiyo ngoja nieleze hapa vizuri, siku nyingine nitakua natuma linki tu.

Iko hivi. Mashine zikigawiwa bure watu wanaona kazi imeisha. Wageni wanakuja, mahema yanafungwa, wazee wanapanga foleni, wanapimwa, wanavalishwa, mtu anasikia sauti ya mjukuu wake ambayo alikua hajawahi kuisikia, watu wanalia, picha zinapigwa, wageni wanaondoka. Na mi siwalaumu, walichofanya ni kikubwa sana na Mungu awabariki. Ila mashine ya kusikia inakula betri, na ile betri ndogo ukivaa mashine kutwa nzima inakaa wiki moja au mbili hivi basi, zikiisha zile ulizoachiwa kwenye pakti mashine inakua pambo. Duka la mtaani hazipo, fundi saa anakupa ya saa ambayo haiingii, na mzee wa huko juu mlimani hajui hata aulizie wapi.

Kuna bibi mmoja wa Kibosho alikuja kwenye mkusanyiko wetu akiwa na mjukuu wake, nikamkalia mbele ili anione midomo, nikamwambia bibi shikamoo, akasema marahaba mwanangu, nikamuuliza ile mashine yako iko wapi bibi mbona sikio liko wazi? Akaniambia ipo, nimeifunga kwenye leso nimeiweka kabatini, nisije nikaiharibu na mimi sina hela ya kuilipa. Yaani betri iliisha, mashine ikanyamaza, yeye akajua ameiharibu, akaificha kwa woga. Miezi imepita anakaa kwenye vikao vya ukoo hasikii kitu na mashine nzima kabisa iko kabatini. Kumbe mjukuu alikua kaitoa huko kabatini akaja nayo siku hiyo, tukaweka betri mpya, ikalia pii, bibi akashtuka akamgeukia mjukuu akamwambia punguza sauti unanipigia kelele. Na mtoto wa watu alikua anaongea kawaida tu!

Sasa huyo bibi ndo michango yenu. Hela hainunui mashine mpya, inanunua kuendelea kusikia kwa mtu ambaye mashine anayo tayari.

Niwaambie mikusanyiko yenyewe ikoje kwasababu wengi wanadhani ni semina. Siyo semina. Tunakutana uani pale kliniki, viti tunavipanga duara, hakuna safu ya nyuma, maana asiyesikia vizuri anasikia kwa macho pia na ukimkalisha nyuma umemtoa kikaoni. Chai ya maziwa, ndizi, wakati mwingine kama mtu kajitolea tunapika mtori. Pembeni kuna meza ya kusafisha mashine, meza ya betri na chumba cha kupimia ambacho watu wanaingia mmoja mmoja. Kwenye meza ya kusafisha utaona vijana wetu wa kujitolea na kile kipampu kidogo cha mpira wanapuliza maji na nta ya sikio kutoka kwenye mrija, mrija ukikakamaa wanaukata wanaweka mwingine, maana ule mrija baada ya miezi kadhaa unakua mgumu na sauti haipiti vizuri. Masika ndo balaa zaidi, unyevu unaingia ndani mashine inakua inakata sauti, tunawafundisha usiku waifungue mlango wa betri na kuiweka kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Kwahiyo wenye maduka ya viatu pale mjini tuwekeeni vile vipakti msitupe, hilo nalo ni mchango.

Meza ya betri ndo naipenda kuliko zote. Zile betri zinatumia hewa, nyuma zina stika ya rangi, ya chungwa ni namba 13, kahawia ni 312, bluu ni 675, na ile stika ndo inazuia hewa, ukishaibandua betri imeanza kujila hata kama hujaiweka kwenye mashine, na kuibandika tena hakusaidii. Wapo wazee walikua wanabandua pakti nzima kwa mara moja ili wasisumbuke baadae, zote zinaisha pamoja. Tunawaonyesha taratibu, bandua moja, iache dakika moja mbili ipate hewa, ndo uiweke, na ile stika usiitupe, ibandike kwenye kalenda ya kanisani kwenye tarehe ya leo, ili ukiangalia ukutani ujue betri yako ina siku ngapi. Mzee mmoja wa Machame siku hizi anatuletea kalenda yenyewe imekunjwa kwenye koti, anaifungua mezani kwa fahari, stika za chungwa zimejipanga miezi yote, anasema hesabu mwenyewe mwanangu, sijalala hata wiki moja bila kusikia.

Na mazungumzo jamani. Wakishapata chai wanaanza kusimuliana, na hapo ndo unajua kutosikia kunamfanya nini mtu. Mama mmoja alisema nilikua nacheka wengine wakicheka ili wasijue. Mwingine ni fundi seremala, alikua ameacha kwenda kanisani, watu wakasema kaasi, kumbe hakuona maana ya kukaa saa mbili anaangalia midomo ya mchungaji toka kiti cha nyuma. Mwingine wakwe walimwona ana majivuno kwasababu haitiki salamu. Watu wa aina hii wakikaa pamoja hawaombani radhi, anayesema rudia sijasikia anarudiwa, hata mara nne. Nimeona watu wanatoka mbali, Rombo, Same, kuna wawili wanatoka Arusha mjini wanapanda kosta asubuhi, na mwezi huo mashine zao hazina shida yoyote, wamekuja kukaa tu.

Watoto ndo wanatuumiza kichwa kwenye bajeti. Mtu mzima ukimtengenezea moldi, ile inayokaa ndani ya sikio, anakaa nayo muda mrefu. Mtoto sikio linakua, baada ya miezi michache moldi inalegea, mashine inaanza kupiga mluzi darasani, wenzake wanamcheka, anaivua anaificha kwenye begi. Anatakiwa apimwe upya kila mara na atengenezewe nyingine, na mtoto aliyeanza akiwa mdogo atazibadilisha nyingi sana mpaka sikio litulie. Wengi wa watoto wetu walisikia vizuri walipozaliwa, wakapata homa ya uti wa mgongo, au manjano kali ya uchangani, au masikio yalitoa usaha mwaka baada ya mwaka nyumbani wakaambiwa atakua tu ataacha. Usaha sikioni siyo utoto jamani, mpelekeni hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika, na ndo maana tunasisitiza hata chanjo, ile ya surua na rubella ambayo hapa kwetu ilianza kutolewa pamoja mwaka 2014, kwasababu rubella ikimpata mama mjamzito mtoto anaweza kuzaliwa haisikii dunia kabisa.

Na acheni kuingiza vitu masikioni. Unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, pini ya nywele, ufunguo wa pikipiki, mafuta ya moto, vitunguu, tumeyaona yote. Kila mkusanyiko kuna watu wanakuja wanajua wamekua viziwi kumbe ni nta imejaa, inasukumwa ndani kila siku na pamba za vijiti, inatolewa, mtu anaondoka anasikia. Huduma hiyo kwenye mikusanyiko ni bure na inalipiwa na michango.

Sasa tunachangishaje. Njia iliyotubeba zaidi ni mnada baada ya ibada. Kwa wasiotoka huku, ni kwamba watu wanaleta mkungu wa ndizi, kuku, maziwa, parachichi, boga, ibada ikiisha vinanadiwa nje pale. Raha yake ni kwamba mtu ananunua mkungu kwa bei kubwa halafu anasema urudishwe unadiwe tena, wa pili naye anafanya hivo hivo, mkungu mmoja unauzwa mara tatu na mwisho anapewa mjane anaondoka nao. Usharika mmoja walitutolea Jumapili nzima, na mnadishaji alikua ni mmoja wa wazee wetu mwenyewe kavaa mashine masikio yote mawili, watu wakitaja bei toka nyuma kabisa anazidaka, waumini wakapiga vigelegele. Hakuna hotuba ingefanya kazi ile.

Kuna na grupu la wasap, watu wanaahidi kama wanavyoahidi harusi. Tena hilo la harusi nilisema kwenye kikao na narudia hapa, sisi watu wa Moshi na Arusha kamati tunazijua, mtu anachangia sendofu, harusi, kipaimara, ubarikio, kwa mwaka mmoja hela inayopita mikononi mwetu ni nyingi mno, sasa fungu dogo la betri kwa mwaka kwa bibi mmoja halitushindi. Kamati mbili za harusi mwaka huu zilibakiwa na salio zikalileta kliniki badala ya kugawana kwenye chakula cha kuvunja kamati, nawashukuru kutoka moyoni.

Hela ikiingia mweka hazina anaposti mapato na matumizi kila mwisho wa mwezi, na picha za risiti, kila kitu, hata sukari ya chai. Mi hapo sina mswalie, mchango wa hisani usiokua na risiti unaua mchango unaofata.

Kitu kingine tulichokataa ni kuwasimamisha watoto mbele na mashine zao ili watu waone huruma watoe. Kuna mfadhili alitaka hivo, apigwe picha na mtoto akiwa analia. Tukamwomba asifanye. Mtoto ana darasa lake, ana marafiki, ile picha itamfata mpaka sekondari. Mzazi akikubali na mtoto akikubali sawa, asipokubali tunapiga picha mikungu ya ndizi.

Na muziki. Changizo la masikio halafu unaleta spika kubwa kama za mnadani, haiwezekani. Kiwango wanachoshauri wataalamu kwa mtu mzima ni desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 40 kwa wiki, sauti ikizidi hapo muda unatakiwa upungue haraka sana, na kumbi zetu nyingi zinapita mbali mno. Kwa mwenye mashine kelele zile ni mateso, zinachanganyika zote hasikii hata wa pembeni yake. Kwahiyo shughuli zetu ni maiki ya kiasi na kwaya bila spika, MC tunamwambia mapema.

Nisisahau ndugu zetu viziwi wanaotumia Lugha ya Alama, wapo wanaokuja, wengine wamesoma shule ya viziwi ya Mwanga. Hawa wengi hawahitaji mashine na hawajaja kuombewa wasikie, wanahitaji mkalimani ili wafuatilie kikao na wao wachangie mawazo, na mkalimani analipwa kama fundi mwingine yeyote. Kuna watu walilalamika kwanini fungu la mkalimani. Kwasababu ni mkusanyiko wao pia, basi.

Kwa sasa tunajiandaa na tarehe 3 mwezi wa tatu, Siku ya Kusikia Duniani, waliichagua tarehe hiyo kwasababu 3 na 3 zinafanana na masikio mawili. Kwetu inaangukia karibu na Kilimanjaro Marathoni, mji unakua umejaa wageni, kwahiyo kuna wakimbiaji wetu wameshaanza kutafuta watu wa kuwaahidi kwa kila kilomita, mwenye ndugu anayekimbia amwambie. Tunachohitaji mwaka huu kwa mpangilio ni betri za namba 13 na 675, hela za moldi za watoto kabla shule hazijachanganya, na nauli za wazee wa mbali. Ukiwa na mzee nyumbani mwenye mashine, kaangalie kabatini leo, kwenye leso, kwenye kikombe cha juu, ukiikuta mlete nayo Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa tatu asubuhi, mje na kalenda kama mnayo, na mwenye ndizi alete ndizi.