Siku moja maishani mwangu: afisa utawala wa Bunge lililoko Arusha

Majirani zangu Ngaramtoni huniuliza, "Bunge si liko Dodoma? Wewe unakwenda lipi?" Nakwenda Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililozinduliwa mwaka 2001 na makao yake yako hapahapa Arusha. Mimi ni afisa utawala. Sitoi hotuba wala sipigi kura.

Saa 12 na robo asubuhi niko kwenye daladala, saa 1 na nusu niko mezani: barua, posho, vyumba vya kamati, nakala za orodha ya shughuli.

Saa 4 simu zinaanza. Kikao ni saa 8 na nusu mchana, na akidi yetu, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kifanyike, ni ngumu. Inatakiwa nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, na humo lazima iwemo angalau theluthi ya wabunge wa kila nchi. Kila nchi mwanachama ina 9. Nchi moja ikileta 2, hata ukumbi ukijaa, akidi haijatimia. Na leo kuna nchi yenye wawili tu mjini. Wenzao ndege imewachelewesha.

Saa 6 wanatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Dereva ananipigia: "Dada, wametoka, ila begi la Mheshimiwa mmoja halionekani." Namwambia waje, begi litafuata. Mheshimiwa hataki, hotuba yake imo humo. Naomba niongee naye.

"Mheshimiwa, naomba uitume kwa barua pepe, utaikuta mezani imeshachapwa."

Hana nakala. Msaidizi wake anayo. Nampigia, hapokei. Napiga tena, simu inatumika. Dereva naye ananipigia kuuliza aondoke au asubiri. Msaidizi anapokea, anatuma faili silo. Hotuba yenyewe inaingia saa 7 imeshapita, ndipo gari linaondoka, na mbele yao kuna malori ya Usa River na foleni ya Tengeru. Chakula cha mchana sikukumbuka hata kidogo.

Kengele inalia, mimi macho getini. Wanashuka mbiombio, nawapokea na karatasi mkononi. Mpambe wa Bunge anaingia na siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, tunasimama wote. Pamoja na wale wawili, nchi ile sasa imetimiza theluthi yake. Nilitamani kulia.

Muswada ukipita hapa bado unasubiri ridhaa ya wakuu wa nchi wote. Mmoja akiukataa, unarudi Bungeni; ukipelekwa tena akaukataa, umekufa. Huo ni uamuzi wao. Lakini muswada usikwame kwangu eti kwa sababu ya begi.

Baada ya hapo ni risiti, taarifa za kikao, ratiba ya kesho. Giza limeshaingia na miguu imevimba. Begi limekuja na ndege ya jioni, dereva amelifuata KIA, nami namsubiri ofisini kwa sababu Mheshimiwa hana nguo ya kuvaa kesho.